Vilivyopona ni Vinundu

Jumanne, 11 Machi 1997

Mzigo wa mchele umeingia asubuhi kutoka Magu. Magunia mawili yana unyevu. Dereva anasema mvua si yake. Nimeyafungua mwenyewe na kuanika juu ya jiwe nyuma ya duka. Mgongo unauma.

Panya wamepungua tangu nimchukue yule mtoto wa paka. Anacheza na kamba za magunia, ananiparura mikono, halafu anakuja kulala mapajani mwangu kama yeye ndiye mwenye duka.

Nina kipele mkono wa kulia, juu ya kiwiko. Chekundu, cha mviringo, kama shanga. Gunia lilipokigusa kilitoa damu nyingi kuliko ukubwa wake.

Elias alipita jioni akitoka Mwaloni, kule ufukweni anakotengeneza injini za mitumbwi. Ndugu zake watakuja baada ya Pasaka kumalizia habari ya posa. Nina miaka thelathini na saba, nimekuwa mjane miaka minne, nilidhani mambo hayo yameniacha. Nilicheka kama msichana. Najisikia aibu kuandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 23 Machi

Jumapili ya Matawi. Nilikwenda kanisani na mtandio shingoni ingawa joto lilikuwa kali. Vipele vimekuwa vingi. Mkononi, shingoni, na kimoja juu ya nyusi, hicho sina namna ya kukificha. Si vipele tena. Ni vinundu.

Mama Stanslaus, jirani yangu wa juu kwenye kilima cha mawe, aliniangalia misa nzima. Wakati wa kupeana amani alinishika ncha za vidole.

Homa kila jioni. Nimekunywa klorokwini. Haikusaidia kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda zahanati. Tabibu hakunigusa. Alisimama mlangoni mwa chumba chake, akatazama uso wangu, akauliza mume wangu alikufa na nini. Nikasema kifua kikuu. Akauliza nani alisema ni kifua kikuu.

Amenituma hospitali kubwa nikatoe damu.

Ndugu zake Elias wamesogeza safari. Nimewaambia nina malaria. Si uongo wote. Homa ninayo.

Ijumaa, 11 Aprili

Ninavyo.

Nesi alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu dirisha la dawa liko wapi. Ninavyo virusi. Na hivi vinundu ni kansa ya ngozi ya ugonjwa huo huo, wameviona kwa wengi. Nile vizuri, nisifanye kazi ngumu, nirudi nyumbani. Nikamuuliza nirudi lini kwa matibabu. Akainama kwenye meza. Akarudia: nile vizuri.

Sikulia. Nilikuwa nashangaa mikono yangu. Ilikuwa imeshika pochi vizuri kabisa, kama mikono ya mtu asiye na shida.

Sikurudi dukani. Miguu ilinipeleka Kirumba mpaka Mwaloni. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa. Elias alikuwa ameinamia injini, mgongo wazi, anaimba. Nilisimama nyuma ya rundo la matenga. Sikumsogelea.

Basi Kaitani, mume wangu, hakufa kwa kifua. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimlilia. Hakuniambia. Labda hakujua. Leo sijui nimchukie au nimsamehe na sina nguvu ya lolote.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikufungua duka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia Elias.

Nilimwita ndani, nyuma ya magunia, nikasema yote bila kupumzika, maana ningepumzika nisingeendelea. Alinisikiliza amesimama. Halafu akaanza kufuta mikono kwa kitambaa. Ilikuwa safi, aliendelea kuifuta.

Aliuliza neno moja. "Na mimi?"

Nikasema sijui. Nikasema akapime. Akasema hapimi. Mtu akijua anakufa haraka, ndivyo anavyoamini. Akaondoka kwa mlango wa nyuma. Hajawahi kutumia mlango wa nyuma.

Namwogopea kuliko ninavyojiogopea. Tumelala pamoja tangu Krismasi. Ndiyo, nimeandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Wateja hakuna. Wanavuka barabara na vikapu vyao wakanunue kwa yule Mzee wa Kisukuma ambaye mchele wake una mawe. Watoto waliokuwa wananiita Mama Mchele sasa wananipita kimya. Mmoja aliitwa na mama yake akiwa bado mita kadhaa kutoka mlangoni pangu.

Nimejua habari ilivyotembea. Mama Stanslaus. Aliisema kwenye jumuiya ndogo ndogo ya kanisa, wakati wa maombi, eti tumwombee mwenzetu Sesilia aliyekanyaga waya, ndivyo wanavyouita ugonjwa huu.

Dada yangu Paskazia amekuja kutoka Buswelu. Amesafisha chumba. Amesema nikapumzike kwake. Neno "kupumzika" alilisema akitazama pembeni. Halafu tukiwa tunakula akauliza, kwa heshima, kama nataka kuzikwa Ukerewe karibu na Kaitani au kwa watu wetu. Nikajibu kwa watu wetu. Nikaomba chumvi. Tukaendelea kula.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikuwa nafunga mizigo ya Buswelu. Kamba ya kikapu ikakwaruza kinundu cha juu ya nyusi. Damu ikatoka kama bomba lililopasuka. Dada alibana kwa kanga, ikalowa, akachukua nyingine. Haikukoma. Tukaenda hospitali kubwa, mimi nikiwa nimefunikwa uso mzima kama mwali.

Walionifunga jeraha walitaka kunirudisha nyumbani. Lakini alikuwepo daktari mgeni, wa mambo ya ngozi, kijana mwembamba, sauti yake ya chini mpaka unasogea kumsikia. Alivaa glavu, akakaa kwenye kiti, akanishika mkono. Nilishtuka. Tangu niugue hakuna mtu wa hospitali aliyenishika hivyo.

Alibonyeza vinundu kimoja kimoja. Akabonyeza tumbo upande wa ini, nikasikia maumivu. Akauliza homa ilianza lini. Halafu akauliza kama nafuga paka.

Nilikasirika. Nimekuja kufa, mtu ananiuliza habari ya paka. Dada ndiye aliyejibu kwamba yupo, mdogo, na mikono yangu imejaa michubuko yake.

Daktari akasema, "Wenzangu wanasema ni kansa. Inaweza kuwa. Lakini mimi sijaridhika. Naomba nikate kimoja nikitazame."

Nikamwambia akate vyote. Akakata kimoja. Nitasubiri majibu.

Jumatatu, 5 Mei

Buswelu. Kimya kingi. Kinachosikika ni ng'ombe wa jirani na redio ya shemeji. Nimekonda. Dada amenitengea sahani na kikombe, anadhani sijaona. Namsamehe kwenye sahani. Kwenye kikombe bado.

Paka tumekuja naye. Hakuna aliyemtaka kule Mabatini, mtaani kwenye duka langu.

Ijumaa, 16 Mei

Sijui niandike vipi.

Si kansa.

Daktari alinikalisha, akafunga mlango, akarudia mara mbili. Si kansa. Ni bakteria. Kajidudu kadogo kanakoishi kwenye damu ya paka, hasa paka wadogo, na viroboto wao. Kakimwingia mtu mwenye kinga nzuri, atavimba tezi kwapani siku chache, basi. Kakimwingia mtu ambaye kinga yake imeshuka, kanachokoza mishipa ya damu, inaota vinundu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha na ile kansa. Ndiyo maana waliokosea si wajinga, alisema. Jina lake ni refu, nilimwomba alitaje tena na bado sikulishika.

Aliniambia ukweli kwamba ugonjwa huu alikuwa ameusoma vitabuni tu. Mimi ndiye mgonjwa wa kwanza aliyemwona kwa macho. Alikuwa na furaha, akaona aibu kwa furaha yake.

Dawa ipo. Ya kawaida, erithromaisini, wanayopewa watu wenye kikohozi. Mara nne kwa siku, miezi kadhaa, bila kuruka.

Nikamuuliza, kwa hiyo sina virusi?

Akaacha kalamu. "Virusi unavyo, mama. Hilo halijabadilika. Bila virusi, hao bakteria wasingekufanya hivi. Ninachoweza kutibu ni hivi vinundu. Vile vingine sina dawa yake."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nimepewa nini na nimenyimwa nini? Nilikuwa nimeshazoea kufa. Mwezi mzima nimefanya kazi hiyo tu, kuzoea.

Jumanne, 20 Mei

Homa haikuja jana. Wala leo. Dawa inasokota tumbo vibaya. Naimeza.

Jumapili, 25 Mei

Vinundu vinakauka. Vinabadilika rangi, vinasinyaa, kama zabibu. Kile cha shingoni kimedondoka kwenye maji ya kuoga. Nilipiga kelele. Dada akaja mbio akidhani nimeanguka. Tukakiangalia wote wawili ndani ya beseni. Tulikuwa kama watu walioona nyoka.

Dada alitaka paka akatupwe ziwani ndani ya gunia. Nikakataa. Daktari alisema nikae mbali na makucha na viroboto, hakusema tuue mtu. Jirani mwenye mashine ya kusaga amemchukua. Alipobebwa nililia sana, kilio kibaya chenye sauti. Kwa virusi sikulia hivyo. Sielewi moyo wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi Mabatini. Uso umebaki na alama za kahawia tu. Nimefungua duka, nimepiga vumbi, nimetupa unga ulioota wadudu.

Walianza kuja saa ile ile. Kwanza kuchungulia, halafu kununua. Wanasema hospitali walikosea. Wanasema yalikuwa majipu tu. Mmoja anasema nilirogwa na ndugu wa Kaitani, nimepata mtaalamu Buswelu akaniagua. Wanajumuiya walikuja wakaimba mlangoni, na mimi nikaimba nao.

Sikumsahihisha mtu. Nilipima mchele, nilipima maharage, nikachekacheka. Watoto wakaita Mama Mchele. Jamani ilikuwa tamu.

Jumamosi, 14 Juni

Elias amekuja. Kwa mlango wa mbele. Ameleta sato wawili wakubwa.

Alisema alijua toka mwanzo kwamba walikosea. Alisema ndugu zake wako tayari kuja. Nilimtazama anavyopanga magunia bila kuombwa na nilitaka neno la virusi lisitoke kinywani mwangu. Halikutoka. Nilimkaangia samaki, akala, akaenda.

Sikumruhusu alale. Nilisema nimechoka. Ndicho nilichoweza.

Jumatano, 18 Juni

Mchana, duka tupu. Mama Stanslaus akaingia kanga imefunika kichwa mpaka nyusi. Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ya umri wake tu. Akaitikia marahaba akiwa anatazama sakafu. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

Akasema, "Nipe ile dawa."

Dawa gani, nikauliza.

Ndipo akasema. Mwanawe Stanslaus, ambaye sote tunajua yuko machimbo ya dhahabu Geita, hayuko Geita. Yuko chumba cha nyuma tangu Januari. Ana vinundu kama vyangu. Miguuni, kifuani, mpaka ndani ya mdomo. Mama huyu amemficha nyumbani kwake miezi yote hii, na akawa ananiombea mimi kwenye jumuiya ili watu watazame upande wangu.

Nilishtuka mpaka nikakaa juu ya gunia. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika.

Vidonge vilikuwa kwenye droo. Ningempa vichache angeondoka na siri yangu ingebaki salama. Lakini daktari alisema vinafanana kwa macho tu, lazima kukata na kuangalia. Na ili aelewe ilibidi niseme. Nikasema, kwa sauti, ndani ya duka langu, mchana:

"Mama Stanslaus, mimi virusi ninavyo. Vilivyopona ni vinundu."

Akauliza, "Basi hata hivyo vinundu tu. Vya wangu vitapona?"

Nikamwambia tumpeleke.

Ijumaa, 20 Juni

Gari halifiki kule juu kwenye mawe. Stanslaus hawezi kutembea. Nilimfuata Elias Mwaloni nikamwomba aje na mgongo wake. Hakuuliza maswali.

Alimbeba kijana yule kama mtu anavyobeba injini, kwa uangalifu, akitafuta mguu auweke wapi kati ya jiwe na jiwe. Stanslaus ana miaka ishirini na sita. Mwepesi kama kikapu. Aliomba radhi njia nzima, kwamba ananuka, kwamba anamlemea. Elias akamwambia anyamaze ashike shingo. Mama yake nyuma na mwavuli, kumkinga na jua na macho ya watu pia.

Daktari amekata kinundu. Kama alivyofanya kwangu.

Tulipowashusha nyumbani nikamwambia Elias. Kwamba virusi bado. Kwamba hawakukosea. Kwamba Jumamosi alipoleta samaki nilijua na nilinyamaza. Alikuwa anakunja shati lililolowa jasho. Akasema angekuwa na akili angekasirika, lakini amechoka. Akakaa kwenye kizingiti. Akasema tu kwamba sasa ameona jinsi mtu anavyokuwa mwepesi, na ataenda kupima.

Jumanne, 8 Julai

Ya Stanslaus ni kansa.

Daktari alitazama zaidi ya mara moja, amesema, alitamani iwe ile nyingine. Hakuna bakteria. Dawa yangu haitamfaa. Ipo sindano fulani Dar es Salaam, kwa aliye na nguvu ya kusafiri. Stanslaus hana.

Nilikuwa nimemwahidi mama yake. Si kwa maneno, lakini nilimwahidi, kwa uso wangu huu msafi. Kwa nini vyangu paka na vya mwanawe kansa? Vinundu vile vile. Rangi ile ile. Ningeviweka kimoja pembeni ya kingine hata mimi nisingejua kipi cha nani.

Mama Stanslaus hakulia hospitalini. Alinitazama kama vile nimemwibia. Aliondoka na mwanawe juu ya mgongo wa Elias, hakuniaga.

Jumamosi, 26 Julai

Tumemzika Stanslaus. Alifariki juzi alfajiri, kimya, mama yake akiwa amemshika mguu.

Watu walikuwa wachache. Wanasema ni malaria ya machimboni. Mimi nilipika uji wa msibani, na hakuna aliyeunywa. Nimerudi na sufuria imejaa. Ile habari niliyoisema dukani imeshatembea, sijui nani aliisikia. Safari hii nimeitoa mwenyewe. Sioni aibu. Naona hasira, na uchovu.

Alhamisi, 7 Agosti

Elias amepima. Hana. Watarudia baada ya miezi mitatu ili wawe na uhakika, lakini kwa sasa hana.

Nilipiga magoti pale pale dukani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu wivu ukanipanda kooni, mchungu kama nyongo. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na yeye amesimama mbele yangu na kofia mkononi.

Hatukuzungumza habari ya posa. Alisema kaka yake wa Musoma ana injini nyingi za kutengeneza. Nikasema Musoma ni kuzuri. Akasema atakuwa anapita. Nikasema apite.

Nimemchukia kwa dakika kadhaa. Halafu nikakumbuka mgongo wake juu ya mawe.

Jumatatu, 18 Agosti

Daktari ameridhika. Ini halivimbi tena. Ananiambia niendelee na vidonge mpaka Septemba, tuone. Nilimuuliza baada ya hapo kitakuja nini. Akasema hajui. Kikohozi kikizidi wiki nije, homa nije, chochote nije mapema, nisikae nyumbani nikijiambia ndiyo mwisho. Akasema mengi yanatibika yakija moja moja.

Duka linaenda nusu. Wanaonunua wananunua.

Jumapili, 31 Agosti

Misa ya kwanza. Nilikaa benchi la pembeni, peke yangu, kama ilivyo siku hizi. Watu hawagombani na mimi, wanaacha nafasi tu.

Wimbo wa kuingia ulikuwa umeshaanza Mama Stanslaus alipokuja. Bado amevaa nguo za msiba. Nafasi zilikuwepo mbele. Akaja akakaa kwangu, bega kwa bega, akaweka pochi yake chini kati ya miguu yetu. Wakati wa amani alinipa mkono wote.

Baadaye tulipanda mawe pamoja. Polepole, yeye kwa ajili ya magoti, mimi kwa ajili ya pumzi. Tulipofika penye njia panda akasimama, akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema ana viazi.

Tukala nje, mlangoni kwake. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua.